Rubani Aliyeiba Meli na Bei Aliyopangiwa

Dola 9,168. Ndiyo bei ambayo wakaguzi wa jeshi la majini la Marekani waliipangia meli ya Planter mwaka 1862, pamoja na mizinga iliyokutwa ndani yake. Nusu ya fedha hiyo ilikuwa ya kugawana walioiiba, na aliyeuongoza wizi wenyewe, mtumwa wa miaka 23 aitwaye Robert Smalls, akapewa dola 1,500.

Kisa cha wizi huo kimesimuliwa sana, hata vitabu vya watoto Marekani vinacho. Kinachomkera mwandishi wa makala haya ni ile tarakimu. Ukiyafuata maisha ya Smalls kutoka utumwani hadi bungeni, karibu kila mlango aliopita unamkuta mtu amekaa na daftari, anampigia hesabu.

Hesabu za mwanzo alizisema mwenyewe. Mwaka 1863, vita vya Kaskazini na Kusini vikiwa vimepamba moto, aliitwa mbele ya tume ya serikali iliyokuwa ikichunguza hali ya watumwa walioachwa huru. Akaeleza alivyoishi Charleston, bandari kubwa ya jimbo la South Carolina. Bwana wake, Henry McKee wa mji wa Beaufort, alikuwa amemwachia ajitafutie kazi mjini kwa sharti moja: kila mwezi dola 15 zirudi kwa bwana, kitakachobaki kiwe chake. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufafanuliwa. Zanzibar na Mombasa za karne ya 19 nazo zilikuwa na watumwa waliotolewa kwenda kufanya vibarua na uhamali, jioni ujira ukagawanywa na bwana. Smalls alipopata kazi ndani ya Planter, mshahara ulikuwa dola 16. Toa 15.

Tume ikamuuliza pia kwa nini alioa. Alikuwa amemuoa Hannah Jones, mtumishi wa hoteli na mtumwa wa bwana mwingine, mwaka 1856, naye Smalls akiwa na miaka 17 tu. Pengine wale waheshimiwa walitarajia maneno matamu ya mapenzi. Akawajibu kwamba alitaka mke wa kumzuia asizurure, mtu wa kumshughulikia na kumtunza. Akaongeza kuwa wanaume weusi wanapooa huangalia zaidi huduma watakayoipata kwa mwanamke. Jibu kavu kabisa. Msomaji wa leo linamkwaruza, na hakuna sababu ya kulilainisha.

Ila mtu huyo huyo ndiye aliyekwenda kwa bwana wa Hannah kuuliza bei. Mke na binti yao mdogo, Elizabeth, wakapangiwa dola 800. Waandishi wa maisha yake wanasema alichokuwa nacho mkononi ni kama dola 100. Hebu tuipige hesabu hiyo: dola 700 zilizobaki, kwa dola moja kila mwezi, ni miaka 58. Akianza na miaka 23, angemaliza deni akiwa na umri wa miaka 81. Alikufa hajatimiza 76. Ni kweli alikuwa na biashara ndogondogo za pembeni, lakini kwa mwendo wowote ule Elizabeth angekuwa mtu mzima kabla baba yake hajamaliza kumlipia. Na mwaka 1861 akazaliwa mtoto wa pili, Robert mdogo, ambaye naye kwa sheria ya Kusini alikuwa mali ya bwana wa mama yake.

Kwa hiyo meli.

Planter iliundwa Charleston mwaka 1860 kwa ajili ya kubeba pamba. Ilikuwa meli ya moshi iliyotumia kuni, yenye gurudumu kubwa kila ubavu, na ilielea juujuu kiasi kwamba ingeweza kupita mahali ambapo meli nyingine zingekwama. Jeshi la Kusini lilipoikodi, ikawa ya kupeleka silaha kutoka ngome hadi ngome, na kutega mabomu kwenye mikondo ya maji. Smalls ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alizijua njia zote za bandari ile, fungu la mchanga liko wapi, bomu limetegwa wapi, kwa kuwa wakati wa kutega alikuwepo. Hiyo ni kazi ya rubani. Lakini urubani ulikuwa cheo cha Wazungu, kwa hiyo kwenye karatasi akaandikwa mshika usukani.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, Kapteni Charles Relyea na maofisa wake wawili weupe walishuka kwenda kulala mjini, jambo ambalo amri za jeshi zilikataza. Kwenye sitaha kulikuwa na mizinga minne iliyopakiwa mchana ili ipelekwe kwenye ngome, mbali na miwili ya meli yenyewe. Saa tisa usiku Smalls na wenzake wakawasha tanuri, wakapandisha bendera za Kusini, wakang'oa nanga. Hawakwenda moja kwa moja baharini. Walipitia kwanza gati jingine, ambako wanawake na watoto walikuwa wamejificha wakiwangoja. Jumla wakawa watu 16, Hannah na watoto wake wawili wakiwemo.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mtu mwenye fani yake. Smalls alivaa koti la kapteni na ile kofia yake pana ya majani, akasimama dirishani amekunja mikono kama Relyea alivyozoea kusimama. Meli ikaendeshwa kwa mwendo wa kila siku. Kuongeza kasi kungewashtua walinzi. Kila ngome waliyoipita, alama ilitolewa kama kawaida. Saa kumi na nusu alfajiri wakafika mbele ya Fort Sumter, ngome ile ile ambako risasi za kwanza za vita zilipigwa mwaka mmoja nyuma. Filimbi ya mvuke ikalia mara mbili kwa kirefu na mara moja kwa kifupi. Wakaruhusiwa. Walipotoka nje ya masafa ya mizinga, badala ya kukata kona kama walivyozoea, wakanyoosha kwenye manowari za Kaskazini zilizokuwa zimeifunga bandari.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari ya kufa kijinga. Baharini palikuwa na ukungu, na manowari Onward, chini ya Kapteni Nickels, iliona meli ya adui inaijia. Mizinga ikaelekezwa tayari kupiga. Watoro walikuwa wameshateremsha bendera za Kusini na kupandisha shuka jeupe la kitandani, ambalo Hannah alilibeba kutoka hotelini alikokuwa akitumika. Likaonekana kwa bahati, dakika za mwisho. Planter ilipokaribia, Smalls alivua kofia na kutangaza kwamba ameleta mizinga ya zamani ya serikali ya Marekani. Alisema pia aliona meli hiyo huenda ikamfaa Mjomba Abe, yaani Rais Abraham Lincoln.

Sasa turudi kwa wenye daftari. Mkuu wa manowari zile, Samuel Francis Du Pont, aliandika Washington kwamba katika watoro wote waliofika upande wake hajapata kumwona mtu bora kuliko Smalls. Na haikuwa heshima tupu. Kitabu cha alama za siri za bandari kilikuwa ndani ya meli. Habari kwamba jeshi la Kusini limeondoka Cole's Island ilikuwa kichwani mwa Smalls, na Kaskazini ikakitwaa kisiwa hicho bila kutoa jasho. Mwisho wa mwezi huo huo Lincoln alitia saini sheria ya kuwagawia watoro nusu ya thamani ya ngawira yao. Ndipo wakaguzi wakatoa ile 9,168.

Kitabu cha siri kilipewa bei gani? Na ramani ya mabomu iliyokuwa kichwani mwa rubani? Na shuka la Hannah, ambalo bila hilo kusingekuwa na cha kukagua, liliingia fungu lipi?

Miaka 21 baadaye, mwaka 1883, kamati ya bunge iliyaangalia upya mahesabu hayo na kukiri kwamba bei ya 1862 ilikuwa ya kuchekesha kwa udogo wake; thamani ya haki ilizidi dola 60,000. Kukiri ni kitu kimoja na kulipa ni kingine. Fedha ilisubiri hadi mwaka 1900, bunge lilipoidhinisha dola 5,000, na hapo hapo likakata zile 1,500 za kwanza. Pensheni nayo ilikuwa na safari yake. Smalls aliongoza meli nyingi za Kaskazini, ikiwemo manowari ya chuma Keokuk, iliyopigwa karibu mara 90 mbele ya Fort Sumter mwezi Aprili 1863 na kuzama siku iliyofuata. Akaja kuwa kapteni wa Planter yenyewe. Hata hivyo ilibidi itungwe sheria maalumu mwaka 1897 ndipo apate dola 30 kwa mwezi, pensheni ya kapteni wa majini.

Kati ya hesabu ya 1862 na hizo za mwisho alikuwa amefanya mambo ya watu kumi. Aliinunua kwenye mnada wa kodi nyumba ya akina McKee pale Beaufort, ambayo alizaliwa uani kwake. Aliyeinunua kabla ya vita akamshtaki, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda. Inasimuliwa kwamba mama wa familia ya McKee, akiwa mzee aliyechanganyikiwa, alirudi pale akidhani bado ni kwake, na Smalls akampokea. Alishiriki kutunga katiba ya jimbo ya 1868 na kupigania elimu ya bure kwa watoto wote. Alichaguliwa mara tano kwenda Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1877 alihukumiwa kwa kupokea hongo ya dola 5,000, na miaka miwili baadaye gavana akamsamehe katika mapatano ambayo yaliwasaidia pia wapinzani wake waliokuwa na kesi zao. Alikula kweli? Mahakama iliyomhukumu ilikuwa mikononi mwa watu waliotaka weusi wote watoke madarakani. Hilo halithibitishi kwamba hakula.

Mwaka 1864, Planter ikiwa kwenye matengenezo Philadelphia, Smalls alipanda tramu na kuambiwa kwamba mtu mweusi haketi ndani. Akashuka, akaenda kwa miguu. Huyu alikuwa rubani ambaye magazeti ya Kaskazini yalikuwa yameshamfanya shujaa, na mji ule haukuwa wa watumwa. Aibu hiyo ilitumiwa na wapigania haki wa Philadelphia hadi sheria ya jimbo ilipofungua milango ya tramu mwaka 1867. Montgomery ya Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kuachia kiti cha basi, ilikuwa bado miaka 88 mbele.

Katika miezi ile ile ya Philadelphia ndipo alipojifunza kusoma vizuri, akiwa na miaka 25. Kwa hiyo fikiria alivyokaa kwenye mkutano wa katiba wa South Carolina mwaka 1895, mmoja wa wajumbe sita weusi kati ya wapatao 160, akimsikiliza seneta Ben Tillman na wenzake wakipanga sharti la kusoma kabla ya kupiga kura. Safari hii Smalls ndiye aliyeshika daftari. Aliwasomea hesabu yake kwamba tangu siku za baada ya vita watu weusi 53,000 walikuwa wameuawa Kusini. Ulipofika mjadala wa kupiga marufuku ndoa za weusi na weupe, alipendekeza nyongeza: mzungu yeyote atakayeishi kinyumba na mwanamke mweusi asishike ofisi ya umma. Pendekezo likakataliwa; la sivyo ofisi nyingi zingebaki wazi.

Ilipozuka hoja kwamba asiyetia saini katiba hiyo asilipwe posho ya kurudia nyumbani, wanahistoria wanaeleza kuwa alijibu ni heri atembee kwa miguu hadi Beaufort. Hakutia saini. Katiba ikapita, na kura za weusi zikapukutika jimboni kwa miongo iliyofuata. Mwaka 1913 akapoteza kazi yake ya ukusanyaji wa ushuru wa forodha, na Februari 1915 akafariki ndani ya nyumba ile ya Beaufort.

Mwaka 2023 jeshi la majini liliifuta manowari yake moja jina la Chancellorsville, ushindi wa Kusini vitani, likaiita Robert Smalls. Mwaka uliofuata bunge la South Carolina lilipitisha sheria ya kumjengea sanamu kwenye viwanja vya makao yake makuu, na kuunda kamati ya kuamua sura yake na mahali pa kuisimamisha. Katika viwanja hivyo hivyo sanamu ya Tillman imesimama tangu 1940, na hakuna kifungu kilichoagiza iondolewe.