Urithi: mambo ambayo katekista apaswa kuyajua

Kwetu Bagira, kilio kikiisha, swali moja hufika mara kwa mara mbele ya padri na katekista: nyumba na parseli ni za nani sasa? Yafaa tujue jibu la sheria, tusije tukabariki unyang'anyi kwa jina la desturi.

Sheria ya jamaa ya Kongo ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikasahihishwa tarehe 15 Julai 2016. Utaratibu wake ni huu.

Kwanza, kifo kiandikishwe kwa ofisa wa etasivili. Pili, mali ya mjane itengwe. Kama bibi na bwana hawakuchagua mpango mwingine, vitu walivyovichuma katika ndoa ni vya wote wawili. Nusu ya mjane haimo katika urithi. Tatu, awepo msimamizi. Pasipo testamenti, ni mrithi mwenye umri mkubwa. Akikataa, warithi watachagua mwingine. Yeye hulipa kwanza gharama za maziko na madeni, kisha hugawanya.

Anagawanya namna gani? Tuseme urithi una mafungu 12. Mafungu 9 ni ya watoto, sawasawa kwa wavulana na wasichana. Matatu yanabaki: moja la mjane, moja la wazazi wa marehemu, moja la kaka na dada zake. Baba wadogo na wajomba hawapati kitu wakati hao wapo. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba walimokaa na kutumia vyombo vyake. Basi, jamaa wakija kubeba vitanda na kumfukuza, wanavunja sheria.

Lakini angalieni hatari moja. Serikali inamjua mjane ambaye ndoa yake ilifungwa mbele ya ofisa wa etasivili, ao ndoa ya desturi iliyoandikishwa kwake. Kitabu cha ndoa cha parokia peke yake hakitoshi. Vivyo hivyo mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa: hurithi kama baba alimkubali kisheria angali hai.

Kwa hiyo kazi yetu ni mbele ya kifo. Tunapofundisha wachumba, tuwaulize karatasi ya komini. Tuwaambie wazee kwamba testamenti yaweza kuandikwa nyumbani: yote kwa mkono wa mwenyewe, pamoja na tarehe na sahihi yake. Katekista si hakimu. Lakini neno lake likisemwa mapema, laweza kumwokoa mjane na yatima.