Kola Kutoka Chini ya Meza Yangu

Kijana alikuwa akija kila Ijumaa jioni, saa ninayofagia. Hakuwa mteja wa gauni wala suruali; alitaka kola. Wateja wangu huniletea mashati ya mitumba waliyoyavaa mpaka yakachoka, niwageuzie yawe ya watoto, na kola kuukuu hubaki chini ya meza pamoja na mabaki ya bitana. Aliziokota moja moja, akazitazama kwenye mwanga wa mlango. Safi aliziacha. Alichukua zenye mstari wa jasho. Mwanzoni nilidhani anajazia mito, ila mjaza mito hachagui.

"Mwanangu, uchafu huu unaupeleka wapi?"

"Mikocheni, mama. Siku moja utakuja kuona."

Nikacheka. Nina miaka ishirini na sita ya kushona Sinza, Dar es Salaam, na sikuwa na habari na mambo ya maonyesho ya sanaa. Niliwahi kujaribu mara moja tu, katika ukumbi fulani mjini ambao jina lake nalihifadhi. Mlangoni mlinzi aliniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu. Akautazama mfuko wangu wa sokoni, kisha akanipisha. Ndani, maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, na watu walinong'ona kama wapo msibani. Ukutani palikuwa na picha kubwa iliyopakwa rangi nyeusi tupu. Nilisimama mbele yake nikijiona mjinga, na baada ya dakika kumi nilikuwa kituoni nasubiri daladala.

Kwa hiyo kijana aliponiletea kadi ya mwaliko, nilikwenda kwa ajili ya kola zangu, si kwa ajili ya sanaa.

Nafasi Art Space, alikoonyesha kazi yake, ipo Mikocheni, barabara ya Eyasi, katikati ya maghala na viwanda vidogo. Ilianza mwaka 2008. Wasanii wanafanyia kazi ndani ya makontena ya meli yaliyotobolewa milango na madirisha, na ukipita unasikia msasa, nyundo, redio. Nilijisikia nipo mtaa wa Gerezani kwa mafundi, isipokuwa hapa hakuna anayetengeneza sufuria. Hakuna aliyeniuliza namtafuta nani.

Kazi ya kijana ilikuwa imening'inizwa kutoka juu hadi karibu na sakafu. Kola zimeunganishwa safu kwa safu kama vigae vya paa, na ile mistari ya jasho imekaa sawasawa, hivyo kwa mbali unaona mawimbi ya rangi ya udongo. Nilihesabu safu moja: kola thelathini na moja. Nikafanya ninachokifanya kwa nguo yoyote, nikaenda nyuma yake. Mshono wa upande wa nyuma hausemi uongo. Alikuwa ameshona kwa mkono, uzi mara mbili, lakini pembeni ameshikiza tu bila kupiga pindo. Itafumuka, nikajisemea.

"Shikamoo mama. Umeionaje?"

"Marahaba. Pembeni itafumuka."

Akacheka, kisha akaanza kunieleza. Jasho hili, alisema, ni la watu wa Ulaya na Marekani asiowajua, walifanya kazi huko, na shingo zao zimefika Sinza. Maneno mazuri, lakini hayakuwa kweli. Mashati yale nayajua na wenyewe nawajua: kondakta, mwalimu, fundi umeme, wengi ni watu wa Manzese, wameyavaa hapa miaka na miaka. Nikamwambia, "Mzungu kaacha kidogo. Jasho hili sehemu kubwa ni la Manzese." Alinyamaza, akatoa daftari, akaandika.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la siku ile mjini. Nilidhani picha ni fumbo lenye jibu moja, na kwamba jibu wanalo wengine. Kumbe hata aliyeitengeneza anaweza kukosea kuhusu kazi yake mwenyewe, na fundi cherehani akajua asichokijua yeye.

Watu hupenda kusema sanaa hizi si zetu, ni za watalii. Wanunuzi wengi ni wageni, sikatai. Lakini tuangalie walioanzisha. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Mwaka 1968 alianza kuchora Dar es Salaam, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli, na kuuza Oysterbay nje ya Morogoro Stores. Aliuawa mwaka 1972, na ile miaka minne imetosha jina lake kuwa jina la mtindo mzima. Naye George Lilanga, Mmakonde, ambaye kazi zake zilizunguka dunia kabla hajafariki mwaka 2005, aliingia kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa kama mlinzi. Ningependa yule mlinzi wa mjini ajue hilo.

Kwa sisi wa vitambaa ninaye mwingine. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akakulia Uingereza, na mama yake alikuwa mbunifu wa michoro ya vitambaa. Amechora kazi nyingi kwa umbo la kanga, zina pindo, mji na maneno yake. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, ambayo ni kubwa mno huko kwa wasanii. Kanga hiyohiyo tunayojifunga jikoni!

Nikauliza bei ya zile kola. Milioni moja na laki mbili. Nilishika kiuno. Halafu nikapiga hesabu ya kifundi: miezi minne ya kazi, mshono wa mkono, sindano ngapi zimekatika. Wateja wangu nao hulia bei ya gauni kwa sababu hawaoni saa za kukata na kupiga pasi. Sikununua, sina pa kuitundika. Ila sikumwambia apunguze.

Ile picha nyeusi siku hizi naikumbuka, na bado siipendi. Tofauti ni kwamba sasa nasema siipendi bila aibu, kama ninavyosema rangi ya kitambaa haimfai mteja.

Jumatatu iliyofuata nilimpelekea kijana uzi wa nailoni nikamwonyesha namna ya kupiga pindo kwenye kingo. Kikaratasi chini ya kazi yake, kwa Kiswahili, sasa kinaitaja Manzese.

Kutoka Mwenge hadi Nafasi bajaji haichukui muda. Nenda na mfuko wako wa sokoni. Na popote utakapoulizwa unamtafuta nani, jibu kwamba umekuja kutazama.