Fahamu: Sauti ya stereo ikuzunguke kiasi gani?

Kuanzia Jangwani hadi maduka ya Kariakoo, sabufa huuzwa kwa ahadi ya sauti inayojaza nyumba. Lakini kujaa ni jambo moja, kupangika ni jingine.

Stereo inafanyaje kazi?
Sauti ikitoka kushoto, hufika sikio la kulia imefifia kidogo na imechelewa kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa tofauti hiyo ubongo hujua upande. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliombea hataza mfumo wa stereo. Katika mfumo huo, spika mbili zikitoa sauti sawa humweka mwimbaji katikati, pasipo na spika.

Kiasi gani kinatosha?
Kile kilichomo kwenye rekodi. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kabla ya stereo. Sauti yake ikae katikati, isitawanywe. Bendi ya dansi iliyorekodiwa kwa stereo ipanuke: gitaa la solo huku, ridhimu kule. Kitufe cha kupanua sauti mara nyingi humfifisha mwimbaji, hivyo kizime kwanza.

Chumbani upangeje?
Spika na kiti chako vifanye pembetatu yenye pande sawa. Katika chumba cha kupanga, mita moja na nusu kila upande inafaa. Spika ziwe usawa wa masikio, si juu ya kabati. Besi nzito haioneshi upande, kwa hiyo sabufa inaweza kukaa popote; iweke mbali na ukuta wa jirani, asisumbuke.