Matuta ya trekta, plastiki na matone: yatamfaa mkulima wa Karatu?

Katika bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, kitunguu ni fedha. Lakini kitunguu cha Mang'ola hakiishi kwa mvua. Kinategemea maji ya chemchemi, zikiwemo za Qangded, ambayo asili yake ni mvua inayonyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro na kupenya ardhini. Maji hayo huongozwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba, na aliye mwisho wa mfereji ndiye anayeumia kwanza maji yanapopungua.

Ndiyo maana wakulima wengi wanauliza kuhusu umwagiliaji wa matone, na sasa kuhusu mashine ya trekta inayofanya kazi tatu kwa mkupuo mmoja: kuinua tuta, kulaza mpira wa matone na kutandika plastiki. Makala hii inaeleza mashine hiyo inavyofanya kazi, inafaa wapi, na mkulima ajiulize nini kabla ya kutoa fedha.

Mashine inafanyaje kazi?

Mashine hufungwa nyuma ya trekta kwenye mikono mitatu ya kunyanyulia, kama plau. Mbele ina sahani mbili zinazokusanya udongo katikati. Nyuma yake kuna sanduku la chuma linaloukandamiza udongo huo uwe tuta lenye mgongo bapa, kwa kawaida la kimo cha sentimita 15 hadi 20. Juu kuna gurudumu la mpira wa matone, ambao hujilaza wenyewe trekta linapotembea. Kisha roli la plastiki hufunguka, magurudumu mawili huivuta ikaze juu ya tuta, na sahani za mwisho hufukia kingo zake.

Kwa mashine ya tuta moja, trekta la nguvu za farasi 40 hadi 60 kwa kawaida linatosha. Kinachoamua ubora wa kazi ni maandalizi ya udongo. Shamba lipigwe plau, kisha haro, hadi mabonge yaishe, na udongo uwe na unyevu kiasi. Bonge likibaki chini ya plastiki, huacha uwazi wa hewa ya moto unaounguza miche, na upepo hupata pa kuingilia. Samadi na mbolea ya kupandia pia zitangulie, kwa sababu plastiki ikishafunika tuta hakuna tena nafasi ya kuzichanganya na udongo.

Hesabu ya ekari moja

Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Matuta yakiwa umbali wa mita 1.5 kutoka katikati ya tuta moja hadi katikati ya jingine, utapata karibu mita 2,700 za tuta. Huo ndio urefu wa plastiki utakaohitaji, na wa mpira wa matone kama kila tuta lina mstari mmoja.

Tuseme matundu ya mpira yapo kila sentimita 30, na kila moja hutoa lita moja kwa saa. Utakuwa na matundu 9,000, yaani lita 9,000 kwa saa. Mmea ukihitaji milimita 5 za maji kwa siku, ekari nzima inahitaji takriban lita 20,000. Hiyo ni kazi ya saa mbili na robo. Kama pampu au tangi lako haliwezi kutoa lita 9,000 kwa saa, gawa shamba kwa vali na umwagilie kipande kwa kipande. Fanya hesabu hii kabla ya kununua mpira.

Usisahau kichujio. Maji ya mfereji huja na matope, majani na mwani, na matundu ya mpira ni madogo sana. Bila kichujio kinachosafishwa mara kwa mara, mstari huziba, na chini ya plastiki hutajua hadi miche ianze kunyauka.

Zao gani, mahali gani?

Nyanya, pilipili hoho, matango na tikiti hupandwa kwa nafasi kubwa, hivyo matundu machache kwenye plastiki yanatosha. Kitunguu hupandwa kwa kubanana, na kutoboa plastiki kwa kila mche ni kazi na gharama. Kwa kitunguu, tuta lenye mistari miwili au mitatu ya matone bila plastiki linaweza kutosha kabisa.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Mang'ola kuna joto kali, na plastiki nyeusi inaweza kuchoma mche mchanga. Huko yafaa ile yenye rangi ya fedha au nyeupe juu na nyeusi chini. Katika nyanda za juu kama Rhotia na Mbulumbulu, kwenye baridi, nyeusi husaidia kupasha udongo.

Lakini nyanda hizo zina miteremko. Plastiki haipokei mvua. Huitupa yote kwenye njia kati ya matuta. Matuta yakielekea bondeni, njia hizo zitageuka makorongo. Trekta lifuate kontua, na njia zifunikwe kwa mabua au nyasi.

Plastiki ikichakaa

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea, si plastiki ya shambani. Hata hivyo, vipande vinavyobaki hukaa udongoni miaka mingi, na mifugo huweza kuvila. Plastiki nyembamba sana huchanika wakati wa kuing'oa. Panga mapema nani ataikusanya na itapelekwa wapi. Kama huna jibu, mabua ya ngano au mahindi ni matandazo mazuri, ingawa utayagombania na wafugaji.

Maji yaliyookolewa ni ya nani?

Si lazima kila mkulima anunue mashine. Trekta la kukodi linaweza kuhudumia kikundi kizima, kama ilivyo kwa kulima. Kuhusu zana, CAMARTEC ipo Arusha. Kuhusu mazao ya bustani, kituo cha utafiti cha TARI kipo Tengeru. Ofisa ugani wa kata ndiye wa kuanzia.

Swali gumu zaidi ni jingine. Mkulima wa juu ya mfereji akiokoa nusu ya maji kwa matone, kisha akafungua ekari nyingine kwa maji hayohayo, wa chini hatapata hata tone la ziada. Anaweza hata kupata pungufu, kwa sababu maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye majaruba ya juu hayatamfikia tena. Chini huko kuna wakulima, mifugo ya Wadatoga, Wahadzabe na wanyamapori.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, matumizi ya maji kwa umwagiliaji huhitaji kibali, na Eyasi imo katika eneo la Bodi ya Maji Bonde la Kati. Kwa hiyo, kabla trekta halijaingia shambani, jumuiya ya watumia maji ikae na kukubaliana zamu mpya. Mashine itainua tuta na kulaza mpira. Kugawana maji ni kazi ya watu wenyewe.