Dawa ya moto ni moto, mradi uwe na msimamizi

WAHENGA walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Wengi wetu huitumia methali hiyo tunapozungumzia ugomvi na visasi. Kwa wahifadhi wa misitu na mbuga, hata hivyo, maneno hayo yana maana ya wazi kabisa: mojawapo ya njia za kuzuia moto mkubwa ni kuwasha moto mdogo mapema, kwa mpango na chini ya usimamizi.

Mkazi wa Kizingo, aliyezoea upepo wa bahari na vivuli vya mibuyu ya Mama Ngina, huenda akadhani kwamba habari hii haimhusu. Inamhusu sana. Takriban kilomita 30 kusini-magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, katika Kaunti ya Kwale, ipo Hifadhi ya Kitaifa ya Milima ya Shimba. Humo ndimo zilimo chemchemi za Marere ambazo, pamoja na Mzima, Baricho na visima vya Tiwi, huiletea Mombasa maji. Msitu ukiteketea, udongo hubaki wazi, mvua huuchukua, na uwezo wa ardhi wa kunywa maji na kuyahifadhi hupungua. Kwa hivyo moto wa Shimba una njia ya kufika hadi kwenye mfereji wa nyumba ya Kizingo.

Hifadhi hiyo, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1968, ni mchanganyiko wa msitu na mbuga za nyasi. Katika nyasi hizo anaishi palahala, swara mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa nyuma, ambaye nchini Kenya hapatikani porini pengine popote. Nyasi zikiachwa miaka kadhaa bila kuguswa, hurefuka na kukauka, vichaka huanza kuzivamia, na palahala hukosa majani machanga. Hatari nyingine ni kwamba nyasi kavu hurundikana na kuwa chakula cha moto. Cheche moja ya mrina asali au mchoma makaa, katika miezi mikavu ya kaskazi, yatosha kuleta maafa.

Moto huhitaji vitu vitatu: joto, hewa na kitu cha kuunguza. Hakuna binadamu awezaye kuamuru jua wala upepo. Kilicho ndani ya uwezo wake ni hicho cha tatu. Ndiyo maana Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, limekuwa kwa miaka mingi likichoma mbuga za Shimba kipande kwa kipande. Katika hifadhi ya Serengeti nchini Tanzania pia, nyasi huchomwa mapema, mara baada ya masika, zingali na ubichi kidogo. Moto wa wakati huo hauna ukali. Hula nyasi, huacha miti, na huacha viraka visivyoungua ambamo wanyama hujisitiri. Moto wa mwisho wa kiangazi hausazi kitu.

Tofauti ya moto wa mpango na moto wa bahati mbaya ilionekana Oktoba 2020, pale Mlima Kilimanjaro ulipowaka kwa siku kadhaa na kuunguza takriban kilomita za mraba 95. Mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi na wanavijiji, walipanda mlimani kuuzima kwa matawi, mapanga na majembe. Waliukuta moto ukiwa tayari umechagua njia yake. Kiongozi wa kikosi cha uchomaji hufanya kinyume cha hayo: yeye ndiye humchagulia moto njia kabla haujazaliwa.

Kazi yake huanza wiki nyingi kabla ya kiberiti kuwashwa. Kwanza hulipima eneo na kuandika mpango: nini kichomwe, kwa lengo gani, mipaka ni ipi, na moto ukivuka mpaka nani ataitwa. Mipaka hutayarishwa kwa kufyeka mikanda mipana, au kwa kutumia barabara, mito na sehemu zilizoungua zamani. Hulazimika pia kujua mteremko, kwa kuwa moto hupanda kilima upesi kuliko unavyotembea tambarare. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kila mwinuko unapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi yake huongezeka karibu maradufu.

Pili, mpango huo hutaja masharti ya hali ya hewa: kasi ya upepo isiyopaswa kuzidi kiasi fulani, mahali unakotoka, joto, na unyevunyevu wa hewa na wa nyasi zenyewe. Masharti huandikwa mapema, akili ikiwa imetulia, ili siku ya kazi kusiwe na nafasi ya kubahatisha.

Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa umuhimu wa upepo. Manahodha wa majahazi waliijua kusi na kaskazi kama walivyojua majina ya watoto wao. Walijua vilevile kwamba alfajiri huvuma umande kutoka bara, na kwamba jua likipanda, upepo wa bahari huchukua zamu na kuzidi nguvu alasiri. Kiongozi wa kikosi huutumia ujuzi uleule. Akiwasha asubuhi bila kufikiria upepo utakaogeuka saa nane mchana, moto aliouweka nyuma yake waweza kumjia usoni.

Siku ya kazi, kikosi hukusanyika kwa maelekezo. Kila mmoja hupewa nafasi yake: wawashaji wenye mitungi inayodondosha mchanganyiko wa dizeli na petroli, walinzi wa mpaka wenye pampu za maji za mgongoni, mapigio na makoleo, mpimaji wa hali ya hewa, na mlinzi wa mahali pa juu ambaye kazi yake ni kutazama tu na kutoa taarifa. Kiongozi huonyesha njia mbili za kukimbilia na mahali salama, mathalan pale palipokwisha kuungua. Kisha huuliza iwapo yupo asiyeelewa. Mtu anayeona haya kuuliza wakati huo anaweza kuyahatarisha maisha ya wenzake baadaye.

Halafu huwashwa moto wa majaribio, mahali padogo penye kudhibitika. Moshi wake ukilala vibaya, au miali ikipanda kuliko ilivyotarajiwa, huzimwa na kazi huahirishwa. Ukikubali, kikosi huanzia upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea. Moto huo hulazimika kujongea polepole dhidi ya upepo, ukiacha nyuma yake mkanda mweusi usio na cha kuungua. Mkanda ukishapanuka ndipo huwashwa pande nyingine, na mwisho upande wa joshi unakotoka upepo. Moto wa mwisho hukimbia kwa ngurumo, ukafika kwenye weusi, ukafa kwa njaa.

Wengi hudhani kazi imekwisha hapo, ilhali sehemu inayohitaji subira ndiyo kwanza imeanza. Magogo, visiki na samadi huweza kuficha kaa kwa siku nyingi. Kikosi hupita mpakani kikigusa majivu kwa mgongo wa mkono, kikifukua na kumwagia maji, na doria huendelea hata kesho yake na kuendelea.

Jimbo la New Mexico nchini Marekani lilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 6 Aprili 2022, wataalamu wa idara ya misitu ya nchi hiyo waliwasha moto wa mpango ambao uliwaponyoka kwa sababu ya upepo na ukavu uliozidi makadirio yao. Uliungana baadaye na mwingine uliotokana na marundo ya matawi yaliyochomwa mwezi Januari. Kaa lake lilikuwa limejificha ardhini majira yote ya baridi. Mioto hiyo miwili iliteketeza zaidi ya ekari 340,000 pamoja na mamia ya majengo. Idara hiyo ilisimamisha uchomaji wa aina hiyo kote nchini kwa siku 90 ili ijichunguze.

Wale hawakuwa wageni katika kazi. Walikuwa na mpango, vifaa na uzoefu. Hapo ndipo unapoonekana uzito wa cheo cha kiongozi. Siku ya kuchoma, lori limeshafika, posho zimeshapangwa, watu wameamka usiku, na msimu unakaribia kwisha. Kila kitu humsukuma aseme washeni. Upepo ukizidi kidogo tu kiasi kilichoandikwa, wajibu wake ni kuwarudisha watu nyumbani, hata kama atanung'unikiwa.

Majirani nao wana haki zao. Kandokando ya Shimba wamo wakulima wenye minazi, mikorosho na nyumba za makuti. Wanastahili kuarifiwa siku na saa, na kujua moshi utaelekea wapi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inakataza kuwasha moto katika msitu wa umma bila idhini. Kwa hivyo asitokee mtu akaichukua makala hii kuwa ruhusa ya kuchoma shamba lililopakana na msitu, au takataka za uani alasiri yenye upepo.

Msomaji wa Kizingo akisikia kwamba nyasi za Shimba zinachomwa, asikimbilie kulaani. Aulize kwanza: nani anausimamia, upepo wa leo ulipimwa, na ni nani atakayebaki kulinda majivu usiku? Majibu yakipatikana, huo ni moto unaofanya kazi ya kulinda maji yake. Yasipopatikana, ana kila sababu ya kuhofu.