Ripoti isipopatikana, tovuti imjibu nini msomaji?

MKAZI wa Mathare anapofungua anwani ya ripoti kuhusu mtaa wake, kisha akakumbana na ukurasa mtupu, huenda akadhani kuna mtu anayeficha jambo.

Mara nyingi hakuna anayeficha lolote. Rekodi iliyoitishwa haimo katika hifadhidata, na aliyeandika programu hakuieleza la kufanya.

Uzito wa suala hili unadhihirika katika historia ya Ushahidi. Ghasia zilipozuka baada ya matokeo ya urais kutangazwa Desemba 30, 2007, Mathare ilikuwa miongoni mwa mitaa ya Nairobi iliyoathirika vibaya. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa kote nchini.

Januari 2008, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walianzisha tovuti ya kukusanya ripoti za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Programu iliyosambazwa bure baadaye, na kutumiwa Haiti baada ya tetemeko la 2010, iliandikwa kwa lugha ya PHP juu ya kiunzi kiitwacho Kohana.

Katika mfumo wa aina hiyo, kila ripoti hupewa nambari ambayo huwa sehemu ya anwani yake. Ripoti hukosekana kwa sababu tatu kuu: anwani imeandikwa vibaya, ripoti imefutwa kwa kuwa ni ya uongo, au ingali inasubiri kuthibitishwa.

Viunzi hutofautiana. Kohana hurudisha rekodi tupu, na ni jukumu la mwandishi wa programu kuchunguza iwapo imepatikana kweli. Katika Laravel, kiunzi kilichozinduliwa 2011, amri ya find hurudisha null, yaani hakuna kitu. Programu ikiendelea kudai tarehe au kichwa cha kitu kisichokuwapo, hitilafu hutokea.

Amri ya findOrFail ni salama zaidi. Hukatiza kazi papo hapo, naye msomaji hupata jibu la 404, ishara inayotambulika duniani kote kuwa kilichoitishwa hakikupatikana.

Ishara hiyo si pambo. Ukurasa unaosema “hakuna” huku seva ikituma 200, ishara ya mafanikio, huipotosha mitambo ya kutafuta habari.

Hatari kubwa ni hitilafu inayoanika majina ya majedwali na mafaili ya ndani. Wadukuzi hufurahia zawadi kama hiyo, hivyo maelezo hayo yafaa kuandikwa katika kumbukumbu za seva, si mbele ya umma.

Ripoti ambayo haijathibitishwa nayo ijibiwe 404, sawa na isiyokuwapo. La sivyo, mtu anayebahatisha nambari atagundua kwamba kuna ripoti mpya iliyotumwa, na huenda akaanza kumsaka aliyeituma.

Iliyochapishwa kisha ikaondolewa yastahili 410, ishara kuwa ilikuwapo ila imeondolewa. Ili hilo liwezekane, rekodi iwekewe alama ya kufutwa badala ya kung’olewa kabisa. Ikishang’olewa, programu haiwezi kuitofautisha na ile ambayo haikuwahi kuwapo.

Mwisho, ukurasa wa 404 uandikwe kwa lugha anayoielewa msomaji, umweleze kilichotokea na kumwonyesha njia ya kurudi kwenye ramani.

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Hata hivyo, aliyechomewa nyumba na kutuma ripoti hastahili kujibiwa kwa kimya.