Namba Iliyo Chini ya Dumu

Kwenye foleni ya maji mtaani Lubaga, Kampala, madumu ya njano ndiyo mengi. Yaliingia mjini na mafuta ya kupikia, yakabaki kuchota maji. Dumu likitoboka halitupwi: fundi hupasha kisu kikuukuu kwenye mkaa, huyeyusha kipande cha plastiki juu ya tundu, na safari za bombani huendelea.

Kiraka lakini huchagua ndugu yake. Pindua dumu, utaona pembetatu ya mishale yenye namba 2 katikati. Hiyo ni polithini nzito, inayoyeyuka karibu nyuzi 130 za Selsiasi. Beseni la namba 5, polipropileni, hutaka nyuzi 160 hivi. Ukiunganisha hizo mbili, kiraka kitabanduka hata kabla dumu halijafika nyumbani.

Namba hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988 ili kuwasaidia wanaochambua taka. Wengi huzisoma kama cheti cha usalama, na hapo ndipo wanapokosea: dumu la namba 2 lililobeba dawa ya wadudu bado lina namba 2, na halifai kwa maji ya kunywa. Lililobeba petroli lisisogezwe karibu na kisu cha moto hata likionekana tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Namba ikiwa imefutika? Kata kipande kidogo, kizamishe majini. Polithini na polipropileni huelea. Chupa ya soda, namba 1, huzama; bomba la PVC, namba 3, nalo huzama.

PVC ndiyo ya kuogopwa motoni. Ina klorini, na ikiungua hutoa gesi inayogeuka asidi ikikutana na unyevu wa macho na koo. Fundi anayelainisha bomba ili alipinde afanye kazi hiyo nje, kwa joto la kiasi, bila kuacha miali ya moto iliguse.

Jikoni nako plastiki hukutana na joto: kuna kavera, yaani mifuko ya plastiki. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 ilipiga marufuku mifuko ya polithini iliyo chini ya maikroni 30, lakini kavera hazijaisha sokoni, na wapo wanaofunikia matoke nazo. Mvuke wa sufuria hukaribia nyuzi 100. Polithini nyepesi huyeyuka karibu nyuzi 110, hivyo mfuko hulegea na kugandamana na chakula. Majani ya migomba, yaliyofanya kazi hiyo tangu zamani, bado yanauzwa Kampala.